Nimepita Mara Tatu

Jumatatu, 9 Machi

Bibi Vibali wa ofisi ya Hifadhi amenipa daftari hili leo asubuhi. Jalada la bluu, mistari mipana kama ya watoto. Alisema bila kuinua macho: "Kiongozi wa msafara anaandika maandalizi yake yote. Kila jaribio, kila mzigo, kila mwenye tatizo la afya. Utalirudisha tarehe kumi na moja Mei. Bila daftari hakuna kibali. Lango linafunguliwa mvua zikiisha, tarehe mosi Juni."

Nikamwambia, "Mama, mwandiko wangu una kutu kidogo. Shule niliiacha njiani, nadhani mpaka leo inanisubiri."

"Andika hivyo hivyo."

Haya, naandika. Mimi ni fundi makochi. Katika mji huu ukikaa mahali ukasikia raha mpaka ukasahau kuaga, jua umekalia kazi yangu. Wananiita Springi. Nimeishi miji minne, nimevuka mipaka miwili, nimelala kwenye shehena ya magodoro siku tisa, na hakuna mtu atakayenieleza habari za dunia nikamaliza kumsikiliza.

Msafara ni wa watu wawili, mimi na Kaka. Kaka yangu mkubwa, tumbo moja, alikuwa mwalimu wa jiografia, amestaafu mwaka jana. Miaka thelathini na moja amewafundisha watoto wa watu habari za ule Mto na yale Maporomoko ya katikati ya Hifadhi, na hajawahi kuyaona. Sasa macho yenyewe yanaaga. Presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda, la kulia linafunga kutokea pembeni kama pazia. Daktari amesema labda mwaka, labda chini ya hapo. Kaka aliniambia haya wiki iliyopita. Alikuja karakana, akakaa kwenye kochi la mteja, akasema:

"Springi, wewe umepita kule mara tatu. Nipeleke kabla sijazima taa."

Ningesema nini? Safari ile nimemsimulia kinyozi jirani yangu miaka ishirini, na kila mwaka inanoga. Nikasema, "Kaka, Jumatatu nafuata fomu."

Siku nne kwa mtumbwi mpaka Maporomokoni. Kwenye fomu kuna swali: kiongozi amepita njia hii mara ngapi? Nimeandika 3. Namba ya kawaida, haina majivuno. Penye afya ya msafiri wa pili, Kaka alisema niandike: anavaa miwani.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Mtu anayengoja mvua iishe wakati ndiyo kwanza imeanza ni mwendawazimu. Ndiye mimi.

Jumapili, 15 Machi

Chombo kimepatikana! Nyuma ya hoteli moja iliyofungwa kulikuwa na mtumbwi wa faiba umegeuzwa juu chini, kuku wanataga chini yake. Mlinzi akasema chukueni tu, kuku watahamia kwingine. Tumeuleta kwa mkokoteni, mimi mbele nafukuza watu njiani kwa sauti, Kaka nyuma ameshika mkia wa mtumbwi.

Una ufa mmoja, na mbao mbili za kukalia zimeoza. Nimezing'oa. Fundi makochi hawezi kumkalisha kaka yake kwenye ubao siku nne, watu watasema nini? Naweka springi chini, sponji ya inchi sita, ngozi bandia nyekundu juu, vifungo vimezama kama kitovu cha mtoto aliyeshiba. Egemeo la mgongo. Pa kulaza mkono.

Shemeji, mke wa Kaka, alipita kukagua. Yeye yuko posta, dirisha la vifurushi, na miaka ya mizani imeufanya mkono wake kuwa mizani. Akanyanyua kiti kimoja.

"Kilo kumi na moja, shem."

"Raha ina uzito wake, shemeji."

"Na pale penye mawe, mnapotoka majini na kubeba mtumbwi mabegani, raha itabebwa na nani?"

"Na mimi. Mara zote tatu nilibeba mwenyewe."

Akaniangalia kama anavyoangalia kifurushi kilichoandikwa "nguo" halafu ndani kinalia kama sahani.

Jumatano, 18 Machi

Kinyozi anasema mtumbwi wangu ungefaa sebuleni. Wivu.

Jumanne, 24 Machi

Nimepiga simu Hifadhi kuuliza kina cha Mto. Bibi Vibali: "Mita tatu na nusu." Nikauliza kesho kitakuwaje. "Kesho piga kesho."

Nimepanga begi. Nimelipangua. Nimelipanga.

Jumamosi, 28 Machi

Kaka amebandika ramani ya Hifadhi ukutani kwake, ile ya zamani aliyoagwa nayo shuleni. Anaisoma kwa kusogeza uso mpaka pua inagusa karatasi, kisha anaitembeza pua kufuata Mto kama mtu anayenusa mchuzi. Nikacheka. Naye akacheka.

"Siku ya kwanza tunalala Kambi ya Kwanza, hiyo iko wazi," akasema. "Siku ya pili, wewe ulilala wapi?"

"Lini?"

"Mara zote tatu, mtu wewe! Ramani haionyeshi pa kulala. Kingo zote ni mwamba, siku nzima mwamba."

Mdomo wangu una tabia mbaya, huondoka bila mimi. "Kuna kisiwa," nikasema. "Ukishapita kona ya pili. Kisiwa cha mchanga, mweupe pee, unalala kama uko kwenye godoro langu."

"Kikubwa?"

"Mahema kumi, na nafasi ya kucheza mpira."

Kaka akashusha pumzi, wiki nzima swali hilo lilikuwa limemkaba. Akachukua kalamu ya wino, akasogeza pua, akachora kisiwa katikati ya Mto. Pembeni akaandika "siku ya 2" kwa mwandiko wake wa ubaoni, ule uliokuwa ukinifanya nisipende shule.

"Unaona?" akamwambia mkewe. "Ndiyo faida ya kwenda na mtu aliyepita."

Bibi Vibali, baada ya hapo tulikunywa chai. Sina zaidi la kuandika.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Nimemaliza kochi la mbele. Zuri mno.

Jumatatu, 6 Aprili

Mita tatu na sentimita themanini. Nilimuuliza Bibi Vibali, kwa kupitisha maneno tu, kama visiwa vya mchanga huonekana maji yakiwa juu hivi. Akasema, "Visiwa gani?" Mtandao ukakatika. Sawa, niliukata mimi.

Ijumaa, 10 Aprili

Leo nimeshona mto wa mteja nje ndani. Mteja wa miaka kumi na minne! Natoka mlangoni naangalia mawingu, narudi, nashika mkasi, nauweka, natoka. Mke wangu aliniletea chakula karakana, akanitazama.

"Baba, kaa."

"Nimekaa."

"Umekaa umesimama. Una nini?"

"Safari."

"Safari iko Juni. Hiki ni kitu kingine."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, mtu anakufungua kama kopo.

Jumapili, 19 Aprili

Leo mvua ilitupa nusu siku. Tukaupeleka mtumbwi kwenye bwawa la maji la mji, jaribio la kwanza. Naliandika lote kwa sababu Bibi Vibali alisema kila jaribio.

Watu walikuja kama kumi na watano. Kinyozi alifunga duka. Shemeji alisimama ukingoni na koti la mvua la njano, ungemwona ukiwa mwezini. Kaka akapanda, akaegemea, akalaza mkono mahali pake.

"Springi," akasema, "sijawahi kukalia kitu kama hiki, majini wala nchi kavu."

Nikapanda na mimi. Nikapiga kafi mbili tatu, tukateleza. Watu wakashangilia. Sasa nisikilizeni vizuri, enyi mafundi wa makochi mlioko duniani: kochi zuri humnyanyua mtu. Ndiyo kazi yake. Anakaa juu, anaonekana. Mtumbwi hautaki mtu akae juu. Mbao zile zilizooza ziliwekwa chini na mtu aliyejua. Viuno vyetu vilikuwa juu ya ukingo wa mtumbwi, tumekaa kama mabwana harusi wawili. Nikageuka kumpungia kinyozi.

Basi. Niliona mbingu, kisha nikaona maji ya rangi ya chai.

Jaketi za kuelea tulivaa, namshukuru Mungu na namshukuru Shemeji aliyezifunga mwenyewe. Nikaibuka. Mtumbwi ulikuwa ubavuni, ile sponji yangu ya inchi sita inakunywa bwawa bila aibu. Kaka alikuwa ameibuka mbele yangu, mzima, miwani haipo, anaogelea. Anaogelea vizuri kabisa. Anakwenda katikati ya bwawa.

"Kaka! Huku!"

Akasimama. Akageuza kichwa. "Huku wapi?"

"Ukingoni! Mkono wako wa kulia, walipo watu!"

Akageuka, akageuka tena. Watu kumi na watano wanapiga kelele hatua ishirini kutoka alipo, mmoja wao amevaa njano, na yeye anatafuta. Akaanza kuogelea tena, kwa nguvu, kuelekea kwenye kina.

Nilimfuata. Nilimshika mkanda wa jaketi. Akanishika mkono kwa vidole vyote kumi, mtu ambaye maishani mwangu hajawahi kunishika ila sikio. Akasema karibu na sikio langu: "Usimwambie shemeji yako."

Shemeji alikuwa ameshaingia majini mpaka kifuani, na koti lake.

Sasa najua kwa nini siku ya mkokoteni alishika mkia wa mtumbwi. Alikuwa anaufuata.

Jumatatu, 20 Aprili

Kaka aliniambia daktari amesema mwaka. Daktari alisema lini? Sikuuliza.

Jumatano, 22 Aprili

Shemeji alikuja karakana, hakukaa.

"Alikwenda kliniki Oktoba, shem. Wewe umeambiwa Machi. Sasa hivi anaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la mrija wa soda. Akitaka kuniona uso, ananiona jicho, halafu pua, halafu jicho la pili. Anazunguka kama mtu anayetafuta ufunguo."

"Mbona humzuii?"

"Nimzuie kwa kitu gani? Kila akiamka anauliza mvua imefika wapi. Ndilo swali linalomtoa kitandani." Akashika kiti changu kilichokuwa kinachuruzika maji ukutani. "Mimi nimekubali kwa sababu moja. Wewe umepita mara tatu. Una maneno mengi, shem, na mengi hayana miguu. Lakini hili umelisema miaka ishirini, na mtu hawezi kudanganya kitu kimoja miaka ishirini, atachoka."

Akakinyanyua kiti.

"Kilo thelathini na mbili," akasema, akaenda kazini.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Mita nne kasoro kidogo. Nimeng'oa makochi ya mtumbwi, nimeweka mbao mahali pake pa zamani, chini. Kazi hiyo ilichukua saa moja. Saa zilizobaki nimezunguka tu. Kinyozi aliniita nisimulie wateja wake ile ya mara ya pili, pale mtumbwi ulipopasuka. Nikasema koo linauma. Wateja wote wakageuka kuniangalia, kinyozi akashusha wembe.

Jumamosi, 2 Mei

Bibi Vibali, tarehe 9 Machi niliandika 3. Futa. Andika 0.

Ukweli ni huu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikaajiriwa kuwabebea mizigo wapima ardhi waliokuwa wanaingia Hifadhi. Siku ya kwanza tulifika Kambi ya Kwanza. Kila mtu alipojilaza nikasikia mnyama mkubwa anapumua nje ya hema, anakoroma, anavuta pumzi mpaka turubai inaingia ndani. Nililia. Nililia kwa sauti, mama yangu nilimtaja. Mnyama alikuwa ni mpishi wao, amelala. Asubuhi wakanirudisha na lori la kuni. Wao wakaendelea. Mimi Maporomoko nimeyaona kwenye kalenda ya benki.

Wa kwanza kumsimulia ile safari ya uongo alikuwa mke wangu, kabla hajawa mke wangu, na alicheka pale nilipotaka acheke. Baada ya hapo ungeachaje?

Leo nilikwenda kwa Kaka. Alikuwa mbele ya ramani. Nikamwambia yote, nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuipamba.

Akasema, "Na kisiwa?"

"Hakipo."

"Nimekiandika kwa wino."

"Nilikuona."

Akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akaanza kukisugua kile kisiwa. Akasugua mpaka ramani ikatoboka. Akabaki ameweka kidole kwenye tundu.

"Siku ya pili," akasema, "jua linazama, mwamba kulia na kushoto, mimi sioni kitu. Ningekuuliza kisiwa kiko wapi. Ungenijibu nini?"

Nikafikiri. "Ningesema kiko mbele kidogo."

"Eeh. Ungesema hivyo. Na ningekuamini."

Hapo nikafanya la kijinga, nikajitetea. "Na wewe je? Umeniandikisha 'anavaa miwani'! Umeficha toka Oktoba!"

"Mimi nimedanganya ili niende," akasema Kaka. "Wewe ulidanganya ili upate nini?"

Nikatazama lile tundu kwenye ramani.

"Toka," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili, 3 Mei

Mvua.

Jumanne, 5 Mei

Nimempigia Kaka. Shemeji alipokea, akasema, "Hayupo." Nyuma yake nikamsikia Kaka akikohoa. Nikasema, "Msalimie akirudi." Shemeji akakaa kidogo kwenye simu kama mtu mwenye neno, kisha akakata.

Ijumaa, 8 Mei

Namkasirikia. Angeniambia mapema hali ya macho yake, nisingesema kisiwa. Hapana. Ningesema.

Jumapili, 10 Mei

Kesho daftari linarudi ofisini. Nimetafakari: nikilitoa hili, kibali hakuna, na Kaka Maporomoko hatayaona kamwe. Nikapata daftari lingine la bluu, nikaanza kunakili yale mazuri tu. Jaribio la bwawani nikaliandika hivi: "Chombo kiko imara." Nilipofika ukurasa wa tatu mke wangu akaja, akayasoma yote mawili amesimama.

"Hili jipya kaandika nani?"

"Mimi."

"Simjui huyu."

Akaweka jipya chini, akaendelea kusoma la zamani. Alipofika kwenye mpishi anayekoroma alikaa. Nikangoja. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, kisha akafuta mengine ambayo sidhani yalikuwa ya kicheko.

"Ungeniambia hii," akasema. "Ile nyingine nilicheka kwa adabu."

Daftari jipya nimempa la orodha ya sokoni.

Jumatatu, 11 Mei

Naandika nimekaa kwenye benchi la ofisi ya Hifadhi. Benchi baya, kama limetengenezwa na adui. Wananiita. Bibi Vibali, lipokee. Ukurasa wa tarehe 2 Mei usiusome wakati unakula.

Jumatano, 20 Mei

Daftari limerudi mikononi. Niliitwa saa tatu. Bibi Vibali alivua miwani yake ya kamba ikaning'inia kifuani, na kwa mara ya kwanza nikaona ana macho.

"Nimelisoma mara mbili," akasema. "Mara ya pili nilifunga mlango, wenzangu walikuwa wanauliza nacheka nini."

"Kwa hiyo, mama?"

"Mtumbwi hapana."

Nilijua. Lakini kujua na kusikia si ndugu.

"Ni wangapi huandika tatu pale?" nikauliza.

"Karibu wote. Wengine wanaandika tano. Mwezi wa saba tunaenda kuwatafuta." Akavuta karatasi. "Sikiliza. Kuna njia ya miguu, lango la nyuma. Kilomita kumi na moja, inatokea chini ya Maporomoko. Mlima kidogo, matope, daraja moja la kamba. Kambi ina askari wa Hifadhi. Hiyo haitaki mtu aliyewahi kupita."

"Na mtu mwenye macho mabaya?"

"Anaruhusiwa, kama ameandika mwenyewe kwamba ana macho mabaya. Aje aandike. Huyo wa miwani simjui."

Miezi miwili na nusu nimemwita roho ya mawe. Nilipofika mlangoni akaniita: "Fundi. Hili benchi la nje, linatengenezeka?"

"Mama, linatakiwa kuzikwa."

Kwa Kaka nilikwenda moja kwa moja, sijala. Alikuwa kibarazani.

"Nani huyo?"

"Mwongo wako."

"Yupi? Ninao wengi."

Siku kumi na nane nilikuwa nangoja sauti ile. Nikakaa chini sakafuni, nikamweleza njia ya miguu, matope, daraja la kamba, vyote, bila kuongeza hata jiwe. Akasikiliza.

"Kilomita kumi na moja," akasema. "Wewe umewahi kutembea kilomita kumi na moja?"

"Mara..." Nikajishika. "Hapana. Sijawahi."

"Mimi nimewahi, kwenda shule, nikikubeba wewe mgongoni. Tutaanza mazoezi kesho. Na uache kiatu hicho chenye ncha, huendi kuposa."

Shemeji alitokeza mlangoni. Alinipa kiti.

Jumapili, 24 Mei

Mazoezi ya nne. Kaka anashika mkanda wa begi langu, mimi natangulia na kutaja njia. Nilidhani ni kazi rahisi kwa mtu wa maneno kama mimi.

"Shimo la kutisha!"

"Usinipe kutisha. Nipe kina."

"Mpaka kifundo cha mguu."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kaka, si tunaelekea sehemu moja!"

"Basi sema kulia, nyamaza."

Nimegundua kwamba miaka yote hii sikuwa naangalia vitu. Nilikuwa naangalia nitakavyovisema.

Alhamisi, 28 Mei

Shemeji amepima mizigo posta, baada ya saa za kazi. Wangu kilo tisa, wa Kaka kilo saba. Alitoa begini mwangu mto mmoja mdogo wa kukalia, mzuri, nilioushona kwa siri. Akaupima mkononi. Akaurudisha.

Jumapili, 31 Mei

Mvua imekwisha. Begi nimelipanga mara moja.

Jumatano, 3 Juni

Tumefika jana alasiri kambini, leo asubuhi Maporomokoni. Naandika nimekaa juu ya jiwe, karatasi imelowa kwa manyunyu, mtasamehe wino.

Kilomita kumi na moja zilichukua saa saba na nusu. Daraja la kamba tulivuka kwa kukaa chini na kujisukuma kwa makalio, mimi nikiwa naogopa kuliko yeye, na nilimwambia hivyo. Nilianguka mara mbili. Kaka hakuanguka.

Tulipotokeza chini ya Maporomoko, ngurumo ilikuwa inatoka kila upande, ukuta wa mwamba unaitupia ukuta mwingine, huwezi kusema maji yako wapi kwa kusikiliza. Kaka aliachia mkanda wa begi. Akavua miwani yake mpya, akaifuta, akaivaa. Akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, akageukia kushoto.

Upande wa kushoto kulikuwa na mwamba mweusi, na juu yake uzi wa maji. Upana wa kitambaa cha dirisha. Kaka akauona. Nilimwona anautembeza uso wake polepole juu mpaka chini, kipande kwa kipande, kupitia kile kitundu chake.

"Mto unagawanyika kwenye jabali," akasema, kwa sauti ya ubaoni. "Mkono mkubwa kushoto, mkono mdogo kulia. Ndivyo ilivyo kwenye kitabu." Akautazama tena uzi ule. "Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, Springi. Lakini mzuri. Mzuri sana. Asante."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa ameridhika.

Mimi niliona kilichokuwa kulia. Miaka yote ile ramani imekaa ukutani shuleni, labda Mto ulihama na haukumwandikia mtu barua. Na mdomo wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa na maneno matamu yamejipanga foleni: ndiyo Kaka, ndiyo wenyewe, kama ulivyowafundisha. Angeshuka mlima akiwa na furaha. Nani angemwambia?

"Kaka," nikasema, "huo ndio mdogo."

"Nini?"

"Mkubwa uko kulia. Kitabu kimekosea, au Mto umehama. Sijui ni lipi."

Hakugeuka. "Miaka thelathini na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Watoto wote wale."

"Ndiyo, Kaka."

"Ukubwa gani?"

Nikaangalia. Niliangalia muda mrefu kabla ya kusema. "Upana kama uwanja wa shule, kutoka goli mpaka goli. Juu sioni mwanzo, kuna ukungu. Yana rangi ya udongo, katikati meupe. Yanatokeza mbele kabla ya kuanguka."

"Hakuna chumvi?"

"Hakuna."

Nikamshika mabega yote mawili, nikamgeuza. Nikamwinua kidevu kwa kidole, kidogo, bado, bado, mpaka nilipohisi mabega yake yamekaza.

Akatazama. Akafuata maji kwenda juu, akazidi kuinua kichwa kuyatafuta yanakoanzia, kofia ikamwanguka nyuma, ikaingia kwenye matope, wala hakuitafuta.